Simu inaita, mwenye simu kalala

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 2025 tulikuwa watu wanne tumeizunguka simu moja jikoni kwa dada yangu, hapa Houston. Simu iko kwenye chaji juu ya kaunta pembeni ya sufuria la pilau la mchana. Shemeji kafungua laptop ana eksel yake, vyuo upande huu, ada upande ule, dada katoka shifti hata zile nguo za hospitali hajavua, mtoto wao mdogo wa kiume anahesabu dakika kwa sauti utadhani ni mkesha wa mwaka mpya. Na mimi mjomba mtu nimekuja eti kushuhudia makocha wa vyuo wakimtafuta binti yao.

Saa sita kamili ikaingia meseji ya kwanza. Hatujamaliza kusoma jina la kocha ikaingia ya pili, alafu ya tatu. Shemeji akapiga kaunta. Dada akapiga kigelegele akakikatisha katikati kwa ajili ya majirani.

Ndo yule mdogo akauliza, mwenyewe yuko wapi?

Mwenyewe kalala. Tangu saa tatu na nusu.

Dada akapanda juu kumuamsha, akarudi peke yake. "Anasema atazisoma asubuhi."

Tukacheka, tukala pilau lililobaki, tukaagana. Ila mimi njia nzima kurudi kwangu nilikuwa najiuliza, mtoto wa miaka 16 wa siku hizi anaiachaje simu jikoni usiku kama ule? Na wiki zilizofuata hilo swali halikuniacha, na ndo maana naandika.

## Kwanini saa sita usiku

Kwa mlio mbali na haya mambo: makocha wa vyuo vya daraja la juu Marekani, ile D1 au divisheni wani, hawaruhusiwi kumtafuta mchezaji wa softiboli, ule mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, mpaka tarehe 1 Septemba akiwa anaanza darasa la kumi na moja. Sheria hii ni ya 2018. Kabla ya hapo watoto wa miaka 13, 14 walikuwa wanaahidiana na vyuo, mtoto bado anavaa waya za meno lakini kashachaguliwa chuo. Wakafunga huo mlango. Sasa mlango ukishafungwa mpaka tarehe fulani, ikifika hiyo tarehe kila mtu anaugonga dakika moja. Nyumba nyingi za Texas usiku ule watu hawakulala.

Mpwa wangu ni pitcha. Anarusha kwa chini, mkono unazunguka kama feni, mpigaji amesimama futi 43 tu, yani mita 13 na kitu. Wakenya mliocheza raundasi shuleni mtaelewa haraka, sisi tuliokulia rede ilituchukua mda. Msimu wa kwanza mzima dada alikuwa anashangilia kila mtu akikimbia, hata wa timu ya wenzetu.

Wazazi wa mapitcha utawajua kwa ndoo. Ni ndoo ya plastiki ya kuwekea mipira, mfuniko wake una sponji, unaikalia unadaka. Shemeji kaikalia tangu binti ana miaka tisa, kila jioni pale mbele ya gereji. Akiwa kazini naikalia mimi, na nina kidole cha shahada ambacho hakikunji vizuri mpaka leo kwa sababu ya mpira mmoja uliozama nisivyotegemea.

Akafika timu za kulipia, zile zinazosafiri kila wikiendi kwenda mashindano. Hapo ndo softiboli ilipoacha kuwa mchezo wa mtoto ikawa ratiba ya ukoo. Harusi tunaulizana kwanza binti ana mechi wapi. Joto la Julai viwanjani sina hata la kusema. Mara nyingi alikuwa mtoto mweusi peke yake kwenye timu, na dada alikuwa na wasiwasi wake ambao shemeji hakuuona, maana ile 2021 kule North Carolina binti mmoja wa sekondari alikatwa nywele mechi ikiendelea ili shanga zitoke kwenye rasta zake, refa kasema sheria hairuhusu. Sheria ilikuja kubadilishwa baadae. Ila dada tangu siku hiyo anamsuka mwenyewe kabla ya kila shindano, na shanga hakuna.

## Thabeet, Nyambui na sisi

Mtanzania wa Houston huwezi kumwambia michezo haina chuo. Hasheem Thabeet alisoma sekondari hapahapa, upande wa Cypress, akaenda chuo cha Connecticut, 2009 akachaguliwa namba mbili NBA. Kila mtu mwenye umri wangu hapa ana stori ya kumuona Thabeet mahali. Nenda nyuma zaidi, Suleiman Nyambui alikuja kusoma na kukimbia UTEP kule El Paso, Texas hiihii, na 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5000 Moscow. Majirani zetu Wakenya ndo usiseme, wao walikuwa na Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya 1978.

Sasa sisi tumelelewa na hizo habari. Kwetu mchezo ni mlango, na mlango ukifunguliwa unapita, hauulizi kama unaipenda hiyo nyumba. Nyambui angeuliza?

Lakini mpwa wangu kazaliwa hukuhuku. Mlango ambao sisi tulikuwa tunautafuta yeye yuko ndani yake tayari. Hili nililifikiria kwa mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya I-45 na nikajishangaa lilikuwa wapi siku zote.

## Ijumaa ya tarehe 6

Tatizo jingine ni hela, na hela mwaka 2025 zilivuruga vichwa vya watu.

Mnakumbuka fainali ya softiboli ya vyuo ya Juni, Texas na Texas Tech, mechi ya tatu Oklahoma City. Tulikuwa wote sebuleni kwa ajili ya NiJaree Canady, pitcha wa Topeka, aliyehama Stanford 2024 kwenda Texas Tech kwa mkataba uliotangazwa kuwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Hiyo habari ilizunguka grupu la ukoo mpaka ikafika Tanga kwa bibi yake binti, na bibi alipoambiwa mjukuu anaweza kwenda divisheni wani alidhani ni matokeo ya form four, mtaa mzima ukapata taarifa.

Usiku ule Canady alipigwa mapema akatolewa, Texas wakashinda 10-4, ubingwa wao wa kwanza. Na usiku huohuo kule California Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Shemeji aliona vyote viwili kwenye simu moja akasema hii ni ishara.

Ishara gani sasa. Zamani D1 ilikuwa na skolashipu 12 za softiboli zinagawanywa kwa timu nzima, ndo maana ukisikia mtoto kapata skolashipu uliza asilimia ngapi. Sasa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano vinaweza kutoa mpaka 25, ila na timu isizidi watu 25. Kuruhusiwa kutoa 25 sio kuwa na hela ya 25, chuo kidogo bajeti yake ni ileile ya juzi. Na nafasi zikiwa chache kocha anajiuliza, nichukue katoto ka sekondari au nichukue dada wa miaka 21 anayehama chuo kingine tayari anajua kazi? Canady ni mmoja. Kila uwanja niliokaa juani kulikuwa na wazazi wanaoamini wa pili ni wa kwao.

Waliomtumia binti meseji hawakuwa vyuo vya Canady. Vilikuwa vyuo vya kawaida, vizuri, vyenye makocha wenye adabu. Kimoja baada ya simu kadhaa kikataja asilimia 40. Shemeji akaijaza kwenye eksel kwa rangi ya kijani.

## Maabara ni mchana

Oktoba wakaalikwa kwenda kukitembelea hicho chuo, masaa kama matano kwa gari. Dada alikuwa na shifti kwa hiyo nikaenda mimi na shemeji.

Wakatutembeza. Chumba cha kubadilishia nguo kina jina la binti kwenye skrini, viatu vipya, daktari wa misuli, chakula. Nitasema ukweli mimi mwenyewe ningesaini. Kocha mkuu mama mmoja mtulivu, akamuuliza binti unataka kusomea nini.

Mambo ya bahari, akasema. Samaki.

Hili msilione la ajabu. Alipokuwa na miaka 12 walienda likizo Tanga, bibi akamuonyesha picha ya yule samaki wa kale, silakanti, ambaye wanasayansi walidhani alishaisha duniani mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na wavuvi wa Tanga wamemvua mara nyingi tu, mpaka serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yake 2009. Mtoto alirudi Houston hana habari nyingine. Sisi tulichukulia ni utoto.

Msaidizi wa kocha akasema kwa upole kabisa kuwa masomo yenye maabara za mchana huwa wanawashauri wachezaji wasiyachukue, maana mazoezi ni mchana. Wengi wanachukua kitu kingine alafu wanarudi kusoma walichotaka baadae.

Binti akaitikia kwa kichwa. Hakubadilika sura.

Baadae wakamuacha na mchezaji wa mwaka wa mwisho amzungushe peke yao, na njiani akanisimulia. Vyuma saa kumi na mbili asubuhi, darasa, mazoezi, matibabu, kusoma usiku. Sheria inasema masaa 20 kwa wiki wakati wa msimu, ila siku ya mechi inaandikwa masaa matatu hata kama mmeondoka alfajiri mmerudi usiku, na masaa ya kwenye basi hayahesabiwi kabisa. Mechi zinaweza kufika 56 kati ya Februari na Mei. Akamuuliza yule dada, wangekuondolea skolashipu leo ungeendelea? Yule dada akacheka akamwambia swali hilo usiniulize wiki ya mitihani.

Naomba nieleweke. Yule dada alikuwa na furaha, anaonekana kabisa, ana rafiki zake, anatembea kama mwenye chuo. Kuna watu maisha yale ndo yao na ningekuwa na mtoto wa hivyo ningemsukuma mwenyewe mpaka getini.

## Orodha

Kurudi shemeji alilala kiti cha nyuma, mimi naendesha, binti yuko mbele anaangalia simu.

Akasema, "Anko, nikiacha nitawalipaje?"

Nikadhani nimesikia vibaya.

Akanionyesha simu, gari likiwa limesimama kwenye mafuta. Kuna ukurasa wa noti ameuanza tangu ana miaka 13. Ada ya timu. Magongo, na gongo moja zuri ni mamia ya dola. Mwalimu wa kurusha, nusu saa nusu saa. Hoteli Tulsa. Hoteli Colorado. Siku ambazo mama yake alibadilishana shifti. Kwenye mstari mmoja kaandika "kidole cha anko" na hakuweka bei.

Jumla ilikuwa chini kabisa na sikushusha kidole kuiangalia.

Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia. Mtoto wa mhamiaji tayari anaanza maisha na deni moja, lile la "tulikuja huku kwa ajili yenu", tunalisema kwenye kila ripoti ya shule na kila wanapokataa ugali. Ukimuongezea kipaji unamuongezea deni la pili. Na sisi kwetu kipaji kweli tunakiona hivyo, Mungu kakupa, wazazi wamegharamia, ukiacha umemdhulumu mtu. Mimi sikubaliani tena na hilo. Mzazi akikaa juu ya ndoo miaka saba kakaa kwa sababu alipenda kukaa, zile jioni keshazila, hazidai. Shemeji kama zingekuwa mkopo angeanza kulia mwaka wa pili tu, maana kwa mahesabu ya yule bwana.

Usiku ule mwenyewe akamuonyesha mama yake. Mimi nilikuwepo na natamani nisingekuwepo.

Dada akasoma, akakasirika. "Nani kakwambia unadaiwa?"

"Wewe mama. Kila siku."

Na ni kweli, maana dada akikasirika huwa anabadilisha dola kuwa shilingi ili namba iwe kubwa. "Unajua Tulsa peke yake ni shilingi ngapi?" Tulishaisikia hiyo wote. Hakuna aliyejua kuna mtu anaiandika.

## Shemeji naye ana hoja

Msidhani shemeji ni mtu mbaya wa stori hii. Alikaa kimya siku mbili tatu alafu akaja na maneno ambayo mpaka sasa sina jibu lake.

"Kazi ataifanya miaka 40. Huu mpira ni miaka minne, basi. Samaki watamsubiri."

Sasa hapo unajibu nini? Mkono una umri. Ukiacha na miaka 18 hauwezi kurudi na miaka 26 ukasema sasa nimejisikia. Ligi mpya ya kulipwa ya wanawake imeanza 2025, softiboli inarudi Olimpiki 2028 na zitachezwa Oklahoma City, yani kama kuna kizazi cha kuendelea ni hiki. Akaongeza la pili, kwa sauti ya chini: je kama anaogopa tu? Maana kuna kuacha kwa sababu hautaki na kuna kuacha kwa sababu unaogopa kukaa benchi, na mtoto wa miaka 16 anaweza asijue tofauti.

Hili la pili lilininyima raha kuliko yote. Nikawa namchunguza.

Alafu ikaja Jumamosi moja, mechi ya kawaida ya msimu wa vuli, kocha wa chuo hayupo hata mmoja. Besi zote zimejaa, mpigaji ni binti mrefu ambaye tayari ana chuo kikubwa, hesabu imejaa, yani mpwa wangu akikosea shabaha mara moja tu wenzetu wamepata pointi. Mpwa wangu akarusha ule mpira wa polepole, mkono unakuja kwa kasi ileile lakini mpira umechelewa, na yule mrefu akazungusha gongo kabla mpira haujafika. Binti akacheka kwa sauti palepale katikati ya uwanja, na yule mpigaji naye akacheka.

Mtu mwenye hofu harushi mpira ule kwenye hesabu ile. Nikamwambia shemeji, akasema ameona.

Kumbe anaupenda kabisa. Anapenda kumdanganya mpigaji. Asichokitaka ni ile siku nzima iliyozungushiwa huo mpira, basi na vyuma na kuambiwa somo gani asome. Sisi tulikuwa tunauliza kama anaupenda mchezo, yes au no, na kwa swali hilo asingeweza kutujibu milele.

## Alivyowajibu

Aliandika mwenyewe. Kila kocha meseji yake, fupi, asante kwa mda wako, nimeamua sitacheza chuo, nakutakia msimu mwema. Hakumuomba mtu amsomee kwanza. Dada alisikia baada ya kutumwa, akaingia bafuni akafungulia maji mda mrefu.

Makocha wengi hawakujibu, ndo kazi yao, wana majina mengine. Yule mama mtulivu alipiga simu. Akamwambia ukibadilisha mawazo kabla ya masika nitafute, na usipobadilisha nitumie picha ya huyo samaki. Nilimpenda yule mama, na shemeji alivyosikia ndo akazidi kuumia, maana alijua ni mtu mzuri amekataliwa.

Timu ya kusafiri anaachana nayo kiangazi. Timu ya shule anaendelea, Februari wanaanza na anataka kurusha kila mechi. Chuo anachokizungumzia sasa kiko Galveston, saa moja kutoka hapa, wanafundisha hayo mambo yake ya bahari, na hakuna kocha wake aliyetuma meseji usiku ule. Anaweza akabadilisha na hilo pia, ana miaka 16.

Shemeji haongei sana siku hizi kuhusu softiboli. Wiki iliyopita nilimkuta gereji anapanga magongo, nikamuuliza unauza, akasema hapana, nafuta vumbi tu. Yeye ndo anaacha kitu hapa kuliko hata mtoto, na sioni mtu anamuulizia hali.

Dada ndo alimpigia bibi Tanga kumpa taarifa. Alijiandaa kweli, alidhani atalaumiwa, mtaa mzima ulishaambiwa habari za divisheni wani. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Na ada atalipa nani?"

Dada akasema bado kuna mwaka na nusu, wataona. Kuna msaada wa serikali wa kuomba, kuna bei ya mkazi wa Texas, binti mwenyewe kaomba kufanya kozi ya uokoaji wa bwawani apate kazi kiangazi. Bibi akasema mwaka na nusu ni kesho, na hela ya ile timu ya kusafiri mkiacha kuilipa mnaipeleka wapi?

Hakuna aliyekuwa ameifikiria hiyo. Shemeji akachukua simu akamwambia shikamoo mama, naomba urudie hapo mwisho.